Kupanga ratiba ya siku ya harusi Dar es Salaam: kuanzia saluni hadi ukumbi kufungwa

Harusi nyingi za Jumamosi huanza kuchelewa saa 3 asubuhi, saluni, ila watu huja kushtuka saa 4 usiku, pale MC anaponong'onezwa aruke zawadi za marafiki kwa sababu meneja wa ukumbi ameshaanza kuzungukazunguka. Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa ratiba na kamati. Tumechukua harusi ya Kikristo ya wageni 300, ndoa mchana na sherehe ukumbini usiku. Ndoa ya Kiislamu ina saa zake, nayo imeelezwa karibu na mwisho.

Anza na saa ambazo huwezi kuzisogeza

Kabla ya kuandika chochote, chukua karatasi uandike saa tatu: ibada inaanza saa ngapi, jua linazama saa ngapi, ukumbi unafungwa saa ngapi. Hizo hazibembelezwi na mtu. Mengine yote yatajibana katikati.

Saa ya ibada ifuatilie mwenyewe ofisi ya parokia au usharika, usitegemee maneno ya mtu aliyesikia kwa mtu. Ukifika uliza na hili: siku hiyo kuna jozi ngapi? Makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, kwa hiyo Jumamosi za baada ya Pasaka hujaa, na Desemba vivyo hivyo. Parokia kubwa huweza kuweka jozi kadhaa katika misa moja. Misa ya jozi moja hesabu saa moja na dakika 45. Kila jozi inayoongezeka ina viapo vyake, pete zake na kusaini kwake, kwa hiyo ongeza dakika 10 kwa kila moja. Mkiwa jozi tano, mmekula dakika 40 zaidi ambazo hakuna mtu aliyeziandika popote.

Ukiwa hapo hapo ofisini, kagua majina. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na siku yenyewe wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Hayo kwa kawaida kanisa linayafuatilia. Linaloponyoka ni herufi: jina la kwenye kitambulisho ni hivi, la kwenye kitabu ni vile, na kosa linaonekana maharusi wameshashika kalamu. Nenda Alhamisi na nakala za vitambulisho vya maharusi na mashahidi, mhakikishe herufi moja moja.

Ukumbi nao una saa zaidi ya moja, zote zimo ndani ya mkataba ambao mara nyingi umesomwa ukurasa wa bei tu. Tafuta saa ambayo mpambaji anaruhusiwa kuingia, saa ya muziki kuzimwa, saa ya watu kuwa wametoka, na gharama ya kila saa ya ziada. Mikataba mingi huishia saa 6 usiku, lakini "muziki kuzimwa saa 6" na "ukumbi kuwa mtupu saa 6" ni mambo mawili yanayopishana kwa dakika 30 nzima. Uliza pia kama mchana huo kuna shughuli nyingine. Mapambo ya watu 300, yenye vitambaa vya dari, meza kuu na maua ya mezani, huchukua saa 5 hadi 6. Ukumbi ukiachiwa saa 8 mchana, fundi wa taa bado yuko juu ya ngazi wakati wageni wa kwanza wanakaa.

Jua: Dar es Salaam linazama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi. Mapema zaidi ni Juni na Novemba, la kuchelewa ni Januari na Februari. Mwanga unaowapendeza wapiga picha ni ule wa saa moja ya mwisho. Kumbuka hili tutakapofika kwenye safari.

Panga ukumbi kwa kurudi nyuma

Kosa linalorudiwa na kamati nyingi ni kuanza na "wageni waingie saa 12" kisha kuteremka. Ukipanga hivyo kila jambo la mwanzo linapewa nafasi ya kutosha na mwisho unabaki na mabaki. Anzia saa 6 usiku upande juu. Sala ya kufunga na kuaga, dakika 10. Muziki wa watu wote, angalau 35; wageni waliochanga hawakuja kusikiliza hotuba tu. Neno la wazazi na shukrani, 15. Zawadi, 50. Chakula, 50. Keki, 25. Shampeni na kugonga glasi, 20. Utambulisho, 25. Sala ya kufungua na karibisho la mwenyekiti, 10. Kuingia kwa maharusi, 20. Jumla ni saa 4 na dakika 20, yaani maharusi wawe mlangoni saa 1:40 usiku. Wakifika saa 3, tayari umepoteza zawadi au muziki, hata MC awe hodari vipi.

Hesabu zenyewe hazikubuniwa hewani. Wageni 300 wakipita kugonga glasi na maharusi, kila mmoja sekunde 4, hizo ni dakika 20, na hapo hakuna aliyesimama kupiga selfi. Keki: ya maharusi, ya wazazi wa bwana harusi, ya wazazi wa bibi harusi, ya wasimamizi na ya kamati. Kila moja inapelekwa kwa kucheza. Tano mara dakika tano ni 25.

Chakula ndipo hesabu inapookoa au kuua. Upande mmoja wa meza ya bafe, wahudumu wakiwa wanapakua, hupitisha watu kama 3 kwa dakika. Meza moja yenye pande mbili: watu 6 kwa dakika, wageni 300 kwa dakika 50, na wa mwisho ndio kwanza anashika sahani. Ukiweka meza mbili, pande nne, foleni inakwisha ndani ya dakika 25, zinabaki 25 za kula. Mwambie mpishi idadi ya pande unazotaka na uiandike kwenye makubaliano; ukisema "bafe kwa watu 300" yeye analeta chakula cha watu 300 na meza moja. Foleni hukwama sehemu moja tu, kwenye nyama na kuku, kwa sababu mgeni anachagua kipande. Weka wahudumu wawili hapo, kwenye wali na saladi mmoja anatosha. Meza kuu ihudumiwe pale pale ilipo.

Kuna kamati zinazosogeza chakula hadi saa 4 na nusu kwa makusudi, kwa hofu kwamba wageni wakishakula wataondoka. Ni kweli baadhi huondoka. Lakini ukiwalaza njaa, wazee na wenye watoto wanaondoka bila kula, pilau limeshakauka, na waliobaki wanatoa zawadi wamenuna. Chakula kisivuke saa 3 na nusu. Na mpishi asipeleke vyombo kwenye moto wa mezani saa 12 jioni kwa ajili ya kula saa 3. Chakula kilichoiva kinatakiwa kibaki cha moto kweli, juu ya nyuzi 60, si vuguvugu. Kiondoke jikoni saa 2 usiku.

Asubuhi: saluni ndiyo inayochelewesha kanisa

Mtu mmoja wa mekapu hutumia dakika 45 kwa kila mpambe na saa moja na dakika 45 kwa bibi harusi. Nywele za bibi harusi, kama ni kupanga na kuweka shela, saa moja na robo. Ukiwa na wapambe wanne, msimamizi wa kike na mama wawili, watu saba mara dakika 45 ni zaidi ya saa 5 kabla bibi harusi mwenyewe hajaguswa. Kwa hiyo mtu mmoja wa mekapu hatoshi. Lipia wawili, au mama zao watengenezewe kwingine.

Bibi harusi asiwe wa kwanza wala wa mwisho. Akiwa wa kwanza, mekapu itakuwa na saa 4 za joto la Dar kabla ya kufika altareni. Akiwa wa mwisho, ucheleweshaji wa watu wote unamwangukia yeye. Mpange kabla ya mtu mmoja wa mwisho, mpambe asiye na haraka, ambaye ikibidi atamaliziwa ndani ya gari.

Gauni lipewe dakika 40, hata kama siku ya kujaribu lilivaliwa kwa 10. Siku ya kujaribu hakukuwa na shela, mikono haikuwa inatetemeka, na hakukuwa na mpiga video anayesema "rudia kidogo". Gauni la kamba mgongoni linahitaji mtu mwenye nguvu na subira. La vifungo vidogo vilivyofunikwa kitambaa, vyenye vitanzi, linahitaji sindano ya kroshia: ingiza ncha ndani ya kitanzi, kamata kifungo, vuta. Kwa vidole, vifungo 25 ni robo saa ya jasho, tena kucha ni mpya. Iweke sindano hiyo kwenye mkoba wa msimamizi pamoja na pini, uzi mweupe, tishu, panado, viatu bapa na chaja.

Ale. Bibi harusi aliyekunywa juisi tu tangu asubuhi ndiye anayeshikwa na kizunguzungu katikati ya mahubiri. Chai nzito, mayai na chapati saa 1 asubuhi, kisha kitu chepesi kabla ya gauni, si baada yake.

Bwana harusi anajulikana kuwa tayari kwa nusu saa, na ndiyo maana husahaulika. Suti yote, pamoja na shati, soksi na ua la kifuani, itandikwe Ijumaa usiku. Pete ziwe kwa msimamizi wake, ndani ya kiboksi, mfuko wa ndani wa koti, wala si mfuko wa suruali pamoja na simu.

Kati ya kanisa na ukumbi

Hapa ndipo ratiba nyingi zimeandika mstari mmoja, "picha na safari", kana kwamba barabara ni ya mtu binafsi. Chukua mfano wa kanisa Kimara na ukumbi Mikocheni: Morogoro Road hadi Ubungo, Sam Nujoma, Mwenge, kisha unaingia. Jumapili asubuhi ni safari fupi. Jumamosi jioni, ikiwa na mvua, weka saa moja na nusu na usijadiliane. Machi hadi Mei ni masika, Oktoba hadi Desemba vuli. Kwa wanaoelekea mjini, ujue kuwa Jangwani imekuwa ikifungwa maji yanapojaa, kwa hiyo dereva awe na njia ya pili kichwani.

Sasa unganisha na jua. Ibada ya saa 8 inakwisha saa 9:45. Vyeti, saa 10:05. Picha za ukoo mbele ya kanisa, saa 10:40. Ukianza safari hapo kwenda kupiga picha ufukweni upande wa ukumbi, unafika saa 12:10 na mwanga umekwisha. Unapata picha za taa ya gari. Dawa yake ni kutafuta eneo la picha karibu na kanisa: bustani, shule yenye miti, hoteli ndogo. Mpiga picha aende kulikagua wiki moja kabla, saa ile ile ya siku. Aulize na ruhusa, maana hoteli nyingi hutoza fedha kwa kupiga picha ndani ya eneo lao, na mlinzi wa getini hajui kwamba mlishaongea na mtu.

Picha za ukoo zinaliwa na kutafutana. "Mama mdogo yuko wapi? Ameenda kwenye gari." Andika orodha ya makundi, yasizidi 12, ukianza na wazee ili wakapumzike, na umpe kijana mmoja wa kila upande anayezijua sura za ukoo wake. Kundi linalofuata lisimame pembeni tayari wakati la kwanza linapigwa. Dakika 3 kila kundi, dakika 36.

Matarumbeta ni raha ya harusi ya Dar, lakini kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) kinachowabeba na kutembea taratibu mbele ya msafara tangu Kimara hadi Mikocheni kinatengeneza foleni yake chenyewe. Wapige wanapotoka kanisani, mita 300 za kwanza, kisha wapande watangulie. Waanze tena makutano ya mwisho kabla ya ukumbi. Sauti wanayoikumbuka wageni ni ya mlangoni.

Gari la maharusi lijazwe mafuta Ijumaa. Maua na riboni visizibe namba wala macho ya dereva. Mpe dereva ratiba yake pekee, ina mistari minne, na marufuku kutumwa "mara moja tu" kumchukua shangazi.

Na kabla ya kuingia ukumbini, dakika 40 za chumba chenye feni au kiyoyozi. Maharusi wanakula sahani nzima (mpishi alete mapema, saa 12:45), wanakaa bila viatu, mekapu inaguswa upya. Muda huu ndio akiba ya ratiba yote: kanisa likichelewa nusu saa, unaukata huu, wageni hawajui kitu. Usiupangie jambo lingine.

Ratiba yenyewe

Baada ya kila saa andika asubuhi, mchana, jioni au usiku. Mikataba ya kumbi na keki mara nyingi huandikwa kwa saa za Kizungu, na "2:00" ya fundi keki inaweza kuwa saa 8 mchana au saa 2 usiku. Mpigie, asome kwa sauti.

- 1:00 asubuhi: chai, mekapu ya wapambe inaanza, watu wawili
- 2:30 asubuhi: nywele za bibi harusi
- 3:45 asubuhi: mekapu ya bibi harusi
- 5:00 asubuhi: gari liwe limepambwa, mpambaji wa ukumbi awe ameingia
- 5:30 asubuhi: chakula chepesi
- 5:50 asubuhi: gauni
- 6:30 mchana: picha na wazazi, sala ya nyumbani
- 6:50 mchana: kuondoka (saluni au nyumba iwe upande wa kanisa)
- 7:20 mchana: bwana harusi kanisani
- 7:40 mchana: bibi harusi kanisani
- 8:00 mchana: ibada
- 9:45 alasiri: kusaini vyeti
- 10:05 alasiri: picha za ukoo
- 10:40 alasiri: picha za maharusi, karibu na kanisa
- 11:20 jioni: safari
- 12:00 jioni: milango ya ukumbi, vitafunwa, muziki laini
- 12:50 jioni: maharusi chumbani
- 1:15 usiku: kamati inaingia
- 1:25 usiku: wazazi wanaingia, upande mmoja mmoja
- 1:40 usiku: maharusi wanaingia
- 2:00 usiku: sala, karibisho
- 2:10 usiku: utambulisho
- 2:35 usiku: shampeni, kugonga glasi
- 2:55 usiku: keki
- 3:20 usiku: chakula
- 4:10 usiku: zawadi
- 5:00 usiku: neno la wazazi, shukrani
- 5:15 usiku: muziki
- 5:50 usiku: sala ya kufunga

Kuhusu kadi: ule mchezo wa kuandika saa 11 jioni ili watu waje saa 1 umezeeka. Wageni wameshaujua, wanasoma saa 11 wanakuja saa 2. Anayeumia ni yule aliyetii. Andika saa 12 ya kweli na uhakikishe saa 12 kuna kitu: sambusa mezani, vinywaji baridi, muziki. Habari kwamba vitafunwa vinaisha saa 1 husambaa haraka kuliko kadi.

Vinavyokula dakika ukumbini

Utambulisho unaongoza. Msemaji wa ukoo anashika maiki, anamtaja mjomba aliyetoka Moshi, mjomba yuko nje anaongea na simu, ukumbi mzima unasubiri mjomba. Kisha wanatajwa watoto wa mjomba. Kaeni na kila upande Alhamisi: msemaji mmoja, dakika 12, na ndugu wasimame kwa makundi. Wazazi na babu na bibi watajwe kwa majina. Baba wakubwa na wadogo wasimame pamoja, mashangazi pamoja, wajomba pamoja. Andikeni kwenye kadi ngumu. Msemaji mwenye kadi mkononi hukamilisha ndani ya muda, asiye nayo hukumbuka mtu mpya kila anapotaka kukaa.

Zawadi: makundi 12 kwa dakika 4 ni dakika 48. MC akiruhusu kila kundi limalize wimbo mzima, ni saa moja na nusu. DJ akate wimbo dakika ya pili, dakika mbili nyingine ni za kundi linalofuata kujipanga. Makundi madogo (majirani, waliosoma pamoja, vikoba) yaungane. Weka sanduku la bahasha mlangoni kwa wasiotaka kucheza, wapo wengi kuliko mnavyodhani. Wanandugu wa meza za mbele, waliokula kwanza, wanaweza kuanza zawadi huku meza za nyuma zinamalizia sahani.

Muhimu kuliko yote: kubalianeni mapema kitakachokatwa. Saa 3:20 usiku ikifika na chakula hakijaanza, hakuna muda wa kuitisha kikao. Orodha inayofanya kazi ni hii, kwa mpangilio huu: kamati iingie kwa wimbo mmoja mfupi, keki za ziada zipelekwe zote kwa pamoja, makundi ya zawadi yapunguzwe kuwa sita, neno la wazazi liwe mzazi mmoja kila upande. Shukrani na chakula havikatwi. Isomwe mbele ya wazee wa pande zote kwenye kikao cha mwisho, ili usiku ule lawama isimwangukie MC.

Umeme ukikatika, jenereta linawaka baada ya muda gani? Liwashwe mbele yako Ijumaa, na mashine za DJ zichomekwe upande unaolishwa na jenereta. Kuna kumbi ambazo jenereta linabeba taa tu.

Nani anashika nini

Mratibu wa siku asiwe mwenyekiti wa kamati, ambaye usiku huo ana wageni wake, wala ndugu wa damu wa maharusi, maana ataitwa kwenye picha. Awe mtu anayeweza kumwambia mkubwa "tafadhali keti" bila kutetemeka. Chini yake: mmoja saluni, mmoja kanisani, mmoja magari, mmoja ukumbini tangu mpambaji anapoingia, mmoja mlangoni na orodha ya kadi za mtu mmoja na za watu wawili. Kila mmoja na namba yake ya simu kwenye karatasi moja iliyochapwa. WhatsApp inasaidia hadi Jumamosi saa 6 mchana. Baada ya hapo kundi linajaa picha na hakuna anayeona ujumbe.

Fedha zilizobaki za MC, DJ, mpiga picha na mpishi mweka hazina azifunge kwenye bahasha zenye majina Ijumaa. Fundi anayedai saa 1 usiku hawashi mashine, na kumtafuta mweka hazina aliyevaa sare sawa na watu 40 ni kazi.

Ndoa ya Kiislamu

Hapa saa za swala ndizo nguzo. Nikaha yenyewe ni fupi: khutba, walii, mashahidi wawili, mahari kutajwa, ijabu na kabuli (walii kuozesha na bwana harusi kukubali), nusu saa inatosha. Kinachorefusha ni msafara wa bwana harusi na watu kukaa kwa halwa, kahawa na sambusa baada yake. Wengi huweka baada ya Alasiri. Kutoka hapo hadi Magharibi una takriban saa mbili na nusu: nikaha, halwa, bwana harusi kupelekwa kwa mkewe kumpa mkono na kuomba dua, picha za wawili, za wazazi. Safari ya kutoka msikitini hadi nyumbani kwa bibi harusi lazima iingie ndani ya muda huo, kwa hiyo pima umbali kabla ya kukubali msikiti. Kama nikaha ni baada ya Isha, picha za mchana zisahauliwe.

Hina na piko viwe vimekamilika siku moja au mbili kabla. Hina mbichi inahitaji saa kadhaa za kukaa bila kugusa kitu, na bibi harusi hawezi kuvaa wala kula akiwa hivyo. Sherehe ya wanawake ukumbini ina ratiba yake na mpiga picha wake mwanamke. Mwekeni mapema, ni wachache. Kwenye sherehe ya mchanganyiko inayoanza jioni, milango ifunguliwe baada ya Magharibi, na patengwe mahali pa kuswali Isha penye maji.

Baada ya saa 6 usiku

Andika mistari mitano ya mwisho ambayo haimo kwenye karatasi ya MC. Sanduku la bahasha linatoka na watu wawili, mmoja wa kila upande, kwa gari lililotajwa, moja kwa moja hadi nyumba iliyotajwa, halifunguliwi ukumbini. Zawadi kubwa zinapakiwa na vijana waliopangwa, kila moja ikiwa na karatasi ya jina la mtoaji iliyobandikwa, si iliyochomekwa. Chakula kilichobaki mpishi amkabidhi mama mmoja, si kila mwenye mfuko. Gari la wazee liondoke saa 5:30, kabla ya msongamano wa geti. Na mtu wa ukumbini abaki na meneja wahesabu viti, glasi na vitambaa, wasaini pamoja, ndipo ile fedha ya dhamana irudi Jumatatu.